Mwamvua binti Amri na Chungu cha Rangi

Bismillahi Rahmani Rahimi. Masheikh wetu, wazee, ndugu na majirani wa Mtunda, Ruaruke na Kibiti, na nyinyi mliovuka maji ya mvua hizi na nguo zenu mabegani ili mfike, familia ya marehemu Mzee Amri inawashukuru, na inawaomba mkae kidogo kabla jeneza halijanyanyuliwa, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko mlizozoea, na mwenye historia ndiye aliyeagiza isikatwe. Anayeisoma ni Haruni, mdogo wake marehemu Mwamvua wa tumbo moja, lakini humu ndani Haruni atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, na pale alipokosa itasemwa amekosa, maana dada yake alimwambia Alhamisi iliyopita, sauti ikiwa imekwisha lakini jicho bado kali, "Usijifiche nyuma ya karatasi, Haruni, ujisome na weye."

Marehemu Mwamvua binti Amri alizaliwa Ruaruke tarehe 3 Agosti 1947, au tuseme hiyo ndiyo tarehe iliyomo katika kadi yake ya hospitali, kwani mama yake mzazi, Bi Tabu, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi hapa leo, anachokumbuka ni kwamba mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa na ghala limejaa, na karani alipotaka tarehe kamili Mwamvua alimchagulia moja ili foleni isogee. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, wawili wametangulia mbele ya haki, na baba yao, Mzee Amri, alikuwa ameteremka kutoka vilima vya Umatumbi akifuata udongo mweusi wa bondeni, ambao alisema ukiangusha hata fimbo unaota.

Alianza chuo mwaka 1953, akaisoma Kurani mpaka akahitimu, na mwaka 1956 akaingia shule ya msingi, akafika darasa la nne mwaka 1959 akiwa wa pili katika wanafunzi thelathini na moja, na hapo ndipo masomo yake yalipokoma, kwa sababu shule ya kuendelea ilikuwa mbali na nauli ilikuwa ya mtoto wa kiume. Hakulalamika, ila tangu siku hiyo kila barua iliyoingia mtaani kwao ilipitia mkononi mwake kusomwa, na siri za ndoa za nusu ya watu waliokaa hapa alikuwa nazo, na hakuna hata moja iliyotoka, wengine mnajua mna sababu ya kumshukuru kwa hilo.

Tarehe 14 Oktoba 1964 aliolewa na Mtoro bin Yussuf, mkulima wa mpunga aliyekuwa pia akikata boriti za mikoko kule delta, mtu mpole asiyejua kununa, wakajaliwa watoto watatu walio hai, Doto aliyezaliwa mwaka 1966, ambaye pacha wake Kulwa alirudi kwa Mola akiwa na siku tisa, kisha Maulida mwaka 1970, na Zaitun mwaka 1975. Mwaka 1969 watu walipohamishwa kutoka bondeni kupelekwa vijijini, Mtoro na mkewe walipangiwa kiwanja hapa Mtunda, na kiwanja cha pili, ua kwa ua, alipangiwa Mwanabibi binti Kibwana, mwanamke aliyetoka upande wa delta, asiye na mtoto, mwenye kazi mbili alizorithi kwa bibi yake, kuosha maiti wa kike na kutia rangi ukindu wa kusukia mikeka. Wawili hao walikaa miaka ishirini wakipeana moto kupitia ua ule, wakiitana shoga, na Mtoro alipofariki tarehe 9 Machi 1985, Mwanabibi ndiye aliyekaa na Mwamvua eda nzima, akimpikia, na akimtania mpaka mjane akacheka kabla ya siku za kucheka hazijafika.

Kazi ya marehemu ilikuwa mikeka. Alisuka ukili tangu akiwa msichana, na baada ya kufiwa na mume ndio ukawa mlo wake na ada za shule za wanawe, na mkeka wake ulijulikana kwa mshono usioonekana na kwa rangi zisizotoka. Rangi hizo zilipikwa katika chungu kimoja kikubwa cha Mwanabibi, zamani kwa magome ya mkoko na matope, na baadaye, serikali ilipotoa ruhusa ya biashara, na maduka ya Kibiti yakajaa tena vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata majina yake, kwa rangi za unga za makopo, zambarau, kijani na nyekundu, ambazo akina mama walizigombea kama sukari ya mgao. Miaka ile biashara ilifunguka kweli, wanunuzi walikuja na magari yao mpaka uani, na Mwamvua na Mwanabibi wakawa na viganja vya rangi saba, hata watoto wakiwaita mabibi kinyonga.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa Haruni anaomba subira yenu, kwa kuwa ndipo penye mambo yote. Itakumbukwa kwamba mwaka 1979 marehemu aliugua kifua kikuu, akachomwa sindano kwa miezi, akapona, na sote tukakisahau kifua kile kama mtu anavyomsahau mgeni aliyekwisha kuaga. Masika ya mwaka 1988 alianza kuchoka, si uchovu wa jembe, bali mtu anaamka asubuhi amechoka, akisimama kizunguzungu kinamkalisha, mwili ukamwisha, chakula kikamchukiza, isipokuwa kitu kimoja, chumvi. Alikula chumvi mbichi, akaitia katika chai, akailamba kiganjani, na akina mama wakacheka pembeni wakisema mjane ana mimba na baba atajulikana siku ya arobaini ya mtoto, na miezi tisa ilipopita bila mtoto, kicheko kikageuka mnong'ono. Ndugu zake wakamficha chumvi wakidhani inamla damu, na aliyeendelea kumpa, kwa viganja viwili, chumvi ya mawe iliyotoka kwa wachemshaji wa delta, alikuwa Mwanabibi peke yake, aliyesema, "Mwili wa mtu unajua unachokitaka, mpeni."

Kisha akaanza kuwa mweusi. Mwamvua, kama mnavyomkumbuka, alikuwa maji ya kunde, na weusi huu haukuwa wa jua, ulianzia kwenye mistari ya viganja, ukaingia katika vifundo vya vidole, viwiko, kovu lake la zamani la mguuni, na mwisho ukaonekana midomoni na ndani ya ufizi, kama mtu aliyekunywa wino. Alipelekwa zahanati moja ambayo haina haja ya kutajwa, akapewa dawa ya malaria, safari ya pili dawa ya minyoo, safari ya tatu vidonge vya kuongeza damu, na safari ya nne akaambiwa aache kufikiri sana. Mtaani, watu hawakuhitaji zahanati, jibu walikuwa nalo tayari, kwamba weusi ule ni rangi, na rangi imetoka kwenye chungu, na chungu ni cha mwosha maiti. Likaongezwa neno, hatujui na nani, kwamba Mwanabibi alikuwa akirudi na maji ya kuoshea maiti chini ya kanga, akiyamimina humo, na kwamba kila Mwamvua alipotumbukiza ukindu alikuwa akitumbukiza uhai wake. Hata ile chumvi ikageuzwa ushahidi, ikaulizwa kwa nini ampe yeye tu.

Mwezi Agosti 1989 kikao cha ukoo kilikaa katika nyumba hii hii, na mwenye kukiitisha alikuwa Haruni, na mwenye kulia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yake, Bi Tabu, ambaye ameruhusu lisemwe. Marehemu aliletwa akakalishwa mkekani, akaulizwa mbele ya wazee anamshuku nani, akasema hamshuku mtu, akaulizwa tena rangi anatilia wapi, na kwa uchovu na hofu ya mtu anayejiona anakufa, akajibu, "Chungu ni chake." Ni maneno matatu, na yote ya kweli, kwa kuwa chungu kilikuwa cha Mwanabibi, lakini kila mtu mle ndani alijua yanabeba nini, na Mwamvua pia alijua, na ndiyo aliyoyahesabu mpaka anakufa, akisema uongo angeweza kuutubia, lakini ukweli ule uliosemwa ili umchome mtu hakujua autubie vipi.

Siku tatu baadaye Mwanabibi alipelekwa kwa mnyoaji, mganga anayewanyoa wanaoitwa wachawi ili kuwatoa uchawi, juu huko kupita Ngarambe, safari ya siku mbili, kidogo kwa lori la mbao na kidogo kwa miguu, na aliyetangulia mbele kuonyesha njia alikuwa Haruni. Wakubwa mnajua yanayofanyika huko na wadogo hamna haja ya kujua, inatosha kusema mwanamke wa miaka hamsini alikalishwa chini mbele ya watu wasiomjua, akanyolewa kichwa chote, akanyweshwa dawa, na akaambiwa kwamba sasa hana madhara tena. Hakupiga kelele wala hakumlaani mtu, alimwambia Haruni neno moja tu, "Mdogo wangu, nifungie kanga vizuri, kuna upepo." Tangu arudi, kijiji kilimsalimia kwa adabu, wakanunua hata mihogo yake, lakini chungu chake kilivunjwa, na hakuna nyumba hata moja iliyomwita tena kuosha maiti, ambayo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko rangi, kwa sababu alikuwa akisema mtoto hazaliwi mikononi mwake, basi angalau mtu aondokee mikononi mwake.

Mwamvua hakupona. Weusi ulizidi, na safari hii hapakuwa na chungu cha kulaumu, na hapo ndipo Haruni alipoanza kukosa usingizi. Mwezi Juni 1991 walimpeleka kituo cha afya Kibiti, ambako palikuwa na tabibu anayeitwa Abdurahmani, mtu wa maneno machache, naye alimtazama kwanza viganja, kisha akamwomba afungue kinywa, akamulika kwa tochi, akasema, "Rangi ya mkeka haiingii ndani ya ufizi, mama." Akampima presha amelala, akampima amesimama, na aliposimama karibu imkose kabisa, akauliza kama anapenda chumvi, na Mwamvua, aliyechekwa kwa chumvi ile miaka mitatu, akaangua kilio. Abdurahmani akasema yeye si bingwa, ila chuoni aliwahi kusoma habari za tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, ambazo zikifa mtu huwa mweusi na mnyonge na mlaji wa chumvi, ila hajawahi kuona mgonjwa wa namna hiyo, na inabidi atafutwe daktari wa tezi, naye hajui yuko wapi, ila ataandika barua.

Kwa barua hiyo Haruni alikwenda Dar es Salaam, akafikia kwa Doto, aliyekuwa ameanza kuuza mitumba Kariakoo, akazunguka wiki tano. Kila aliposema anatafuta daktari wa tezi alielekezwa kwa uhakika mkubwa, mara kwa daktari wa rovu la shingo, mara kwa daktari wa wazee wa kiume wasioweza kukojoa, ambaye alimtandika Haruni maswali ya aibu mpaka akagundua kwamba mgonjwa mwenyewe ni dada yake. Alilala mabarazani pa hospitali, alisoma vibao vya milango kimoja kimoja, na hakuacha, si kwa sababu ya ushujaa, bali alikuwa na hofu kwamba barua ile ikiwa ya kweli basi yeye ni mtu wa namna gani, na hofu kubwa zaidi kwamba asipoijua kweli, dada yake atakufa. Mwisho muuguzi mmoja, ambaye jina lake hatukulipata na tunamwombea popote alipo, aliisoma barua akasema yuko mama mmoja, Daktari Hafidha, amerudi kutoka masomoni ng'ambo, anaona wagonjwa wa namna hiyo kila Jumatano, waje asubuhi.

Haruni akarudi Mtunda kumleta dada yake, na Jumatano tarehe 18 Septemba 1991 Daktari Hafidha alimwona Mwamvua. Alimtoa damu, chumvi ya damu ikaonekana imeshuka mno, akampiga picha ya tumbo, na juu ya figo zote mbili pakaonekana chokaa nyeupe pale ambapo hapapaswi kuwa na kitu cheupe, damu nyingine ikapelekwa nje ya nchi na majibu yakarudi baada ya wiki sita, lakini dawa hakuisubirisha majibu, aliianza siku ileile. Kisha akavuta kiti, akawaeleza wote wawili kwa Kiswahili chepesi, na Haruni anayakariri maneno yake kwa sababu yupo mtu hapa ambaye atayahitaji siku moja. Alisema juu ya kila figo pana tezi, imekaa kama kofia juu ya kichwa, na kazi yake ni kutengeneza dawa ya mwili wenyewe, inayoshika chumvi isipotee, inayoisimamisha presha, na inayompa mtu uwezo wa kustahimili homa, njaa na habari mbaya. Kifua kikuu cha mwaka 1979, kabla hakijatoka, kilikuwa kimekwisha kushuka huko kikazila tezi zote mbili pole pole, na kichwa kinapoona tezi hazifanyi kazi hutuma ujumbe wa kuziamsha, ujumbe juu ya ujumbe, na ujumbe huo ukizidi ndio unaoipaka ngozi weusi. Akauliza nani alikuwa akimpa chumvi, kwa maana chumvi hiyo ndiyo iliyomweka hai miaka mitatu, na Mwamvua akatazama sakafu.

Haruni aliuliza swali moja, "Daktari, haiwezekani ikawa imetoka nje, kwa mtu?" na daktari, ambaye hakujua anaulizwa nini hasa, akajibu kwa upole, "Imetoka kifuani mwake mwenyewe, kaka." Haruni alitamani ardhi ipasuke immeze, na anawaambieni leo kwamba furaha ya kujua dada yake atapona na aibu ya kujua alichokifanya zilimpata kwa pamoja, na hakujua alie kwa lipi.

Vidonge vilifanya kazi kama kumwagilia bustani, baada ya siku kumi Mwamvua alikula sahani ya wali akaomba nyingine, na baada ya miezi sita rangi yake ilirudi. Masharti yalikuwa manne, akayaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa darasa la nne: asikose kidonge hata siku moja maisha yake yote, akipata homa azidishe mara mbili, akitapika akimbizwe kuchomwa sindano, na asifunge bila ruhusa ya daktari. Alipewa na kadi ya kutembea nayo, na Doto akawa anavinunua vidonge katika maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa mjini, akivituma na madereva wa malori, na hakuna mwezi aliouruka, jambo ambalo mama yake alijivunia kuliko nyumba ya bati aliyomjengea.

Mwezi Novemba 1991 Mwamvua alipiga hodi kwa Mwanabibi, mara ya kwanza katika miaka miwili, akamweleza tezi, kifua, chokaa na chumvi, akamwomba radhi. Mwanabibi alimkaribisha kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Miye nilinyolewa mbele ya watu, shoga. Radhi ya jikoni itanifaa nini? Niombeni mbele ya watu, nami nitajibu mbele ya watu." Mwamvua alikubali, akaja kwa Haruni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitisha kikao na ndiye aliyepaswa kuitisha kingine, na Haruni akasema sawa, tusubiri mavuno. Baada ya mavuno alisema tusubiri Maulida aolewe, na mwaka 1994, uchaguzi wa vijiji wa vyama vingi ulipokuja na yeye akagombea uenyekiti, alimwambia, "Dada, nikisimama kusema nilimnyoa mtu bure, nani atanipa kura?" Kura alizipata, mlimpa nyinyi, na jambo lile likalala. Dada yake hakumshitaki kwa mtu, lakini tangu siku hiyo hakumwita tena mwenyekiti kama mlivyomwita, alimwita Haruni, na alilitamka jina hilo kwa namna iliyomfanya akumbuke.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1996, baada ya kusemwa kwamba vidonge ni kisingizio cha kula mchana, marehemu alifunga, akameza vidonge daku na futari kwa siku tisa, na tarehe 31 Januari, akiwa ameinamia mkeka, alianguka. Zaitun alikuwa shamba. Aliyemwona kupitia ua ni Mwanabibi, ambaye hakusimama kuuliza watu watasema nini, aliruka ua ule akiwa na miaka hamsini na kitu, akaponda vidonge katika uji wa chumvi, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akachukua kadi ukutani, akamfunga mgonjwa kwa kanga nyuma ya baiskeli ya jirani, na akatembea pembeni akimshikilia njia nzima mpaka Kibiti, ambako Abdurahmani alisema nusu saa nyingine ingekuwa habari nyingine. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Mwanabibi aliita kupitia ua, "Umekunywa?" na Mwamvua akajibu, "Nimekunywa," na hilo ndilo lilikuwa mazungumzo yao yote kwa miaka miwili, kwani radhi ilikuwa bado haijaombwa mbele ya watu, na Mwanabibi si mtu wa kubadili neno.

Mvua hizi zilizoanza Novemba mnazijua. Wiki iliyopita marehemu alishikwa na malaria, akazidisha vidonge kama alivyofundishwa, lakini Alhamisi tarehe 12 Februari alianza kutapika, kila kidonge kikarudi, sindano za Kibiti zilikuwa zimekwisha kwa sababu barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika, na Doto alikuwa njiani na boksi la sindano, akivuka maji kwa kuliweka kichwani. Abdurahmani alikuja kwa miguu akamtundikia maji ya chumvi, akakaa naye siku mbili asiondoke. Marehemu alifariki jana Jumamosi, tarehe 14 Februari 1998, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini, ameacha watoto watatu na wajukuu watano, na Doto alifika saa kumi na mbili jioni. Doto, mwanetu, familia yote inakwambia mbele ya umati huu kwamba mama yako alipata miaka sita na nusu ambayo hakuwa nayo, na uliibeba wewe, kwa hiyo usijihesabie saa tatu.

Kwa niaba ya familia, Haruni anamshukuru Daktari Hafidha, ambaye habari hizi hazijamfikia bado kwa sababu ya njia, anamshukuru tabibu Abdurahmani, aliyeona kwa tochi kile ambacho kijiji kizima hakikukiona kwa jua, anawashukuru akina mama wa ushirika wa mikeka, madereva waliobeba vidonge bila hata kuomba soda, na majirani wa Mtunda waliochimba kaburi katika udongo huu uliojaa maji.

Imebaki shukrani moja, na ndiyo iliyoifanya karatasi hii iandikwe. Leo asubuhi Zaitun na Maulida walikwenda kwa Mwanabibi binti Kibwana kumwambia kwamba mama yao aliusia asioshwe na mtu mwingine, lakini kwamba yeye hana lazima, kwa maana ile radhi bado hajaombwa. Mwanabibi alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni. Alisema, "Maiti hangoji. Radhi nitaisikia baadaye," akaingia, akamwosha shoga yake kwa mikono ambayo ilikuwa imekaa bila kazi hiyo miaka minane na nusu, na sasa amekaa ndani hapo, nyuma ya pazia, anasikiliza.

Basi, Mwanabibi binti Kibwana, mbele ya masheikh, mbele ya wazee waliokuwamo kikaoni, na mbele ya mji huu wote, Mwamvua binti Amri anasema alijua chungu chako ni safi, na alisema alichosema kwa kuogopa kufa, na anaomba radhi. Na Haruni bin Amri, aliyekwenda mbele yako kwenye njia ya Ngarambe, akakuacha ukikaa na jina la uchawi kwa ajili ya kura, anaomba radhi. Hakukuwa na uchawi, palikuwa na ugonjwa, na ugonjwa una jina na una daktari, na atakayesema vinginevyo kuanzia leo atakuwa anasema na ukoo wa Mzee Amri. Jibu ni lako, na hata likiwa hapana tutalipokea.

Na mama yetu Bi Tabu, aliyelia kuliko wote siku ile, ameagiza liandikwe hapa mwisho, akiwa na akili zake timamu na mwanawe na wajukuu zake wakishuhudia, kwamba siku yake ikifika asiguswe na mkono mwingine wowote isipokuwa wa Mwanabibi.

Mwamvua, dada, kidonge cha leo hakina haja tena. Lala kwa amani, lile neno limesemwa.